Uhandisi wa kilimo kusini: chuo kianzie karakanani

Mkuu, umeuliza kama kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Lindi ianzishe shahada ya uhandisi wa kilimo, au pesa hiyo iongezwe VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi. Mimi nimesomea fani hiyo na nafanya kazi Tandahimba. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Msimu wangu wa kwanza, mwezi wa saba, mzee mmoja aliniletea mashine yake ya kupulizia mikorosho unga wa salfa. Ilimzimikia shambani alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, na hiyo ndiyo saa unga unashika vizuri. Mikorosho inachanua, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua, haumsubiri mtu. Chuoni nilichora gia na kukokotoa nguvu ya trekta, lakini injini ya mashine kama ile sikuwahi kuifungua. Niliona aibu kweli.

Tukaipeleka kwa kijana mmoja pale stendi, elimu yake darasa la saba. Akafungua silinda, pistoni ina michirizi upande mmoja. Akamimina petroli kiganjani, akaisugua kwa vidole. Injini hizi petroli yake huchanganywa na oili. "Babu, humu hamna oili," akamwambia mzee. Kichujio cha hewa nacho kimejaa salfa iliyoganda. Akasema mashine zote anazoletewa huziba hivyo, na kazi yake ni kusafisha tu, kila mwaka.

Hapo ndipo shule yangu ilipofaa. Nilimweleza kwamba salfa ikipata unyevu hushikamana, na injini inavuta hewa palepale unga unaporuka. Tukaunga mpira mfupi, kichujio tukakipandisha juu zaidi. Msimu ule mzee hakurudi na tatizo hilo.

Kwa hiyo shahada tunaihitaji, tena sana, ila fundi na mhandisi wasome karakana moja. Viwanda vya korosho vilivyojengwa huku miaka ya 1970, kwa mitambo ya Italia na Japani, vilifungwa kwa sababu nyingi, kubwa ikiwa uzalishaji kushuka. Baadhi vikaishia kuwa maghala. Mitambo ile ilipaswa kuwa darasa la vijana wetu.

Wanafunzi wa Lindi wakae vijijini msimu mzima wa kupulizia, na wapite Naliendele kwa watafiti wa korosho. Na yule kijana wa stendi apewe nafasi ya kufundisha karakanani, hata kama cheti hana.