Je, ni lazima mtoto apasuliwe kifua?

Dada, umeuliza iwapo mwanao, aliyegundulika kuwa na ateri ya pafu (mshipa unaopeleka damu kwenye pafu) iliyoungana moja kwa moja na vena (mshipa unaoirudisha damu kwenye moyo), ni lazima apasuliwe kifua. Kwa kawaida si lazima. Daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa paja na kuielekeza hadi upande wa kulia wa moyo, kisha kwenye ateri ya pafu, huku akitazama picha za eksirei, halafu huiziba ateri inayolisha muungano huo kwa koili za metali, yaani nyaya nyembamba zilizojiviringa, au kizibo maalumu.

Sababu ya kuziba si upungufu wa oksijeni peke yake: damu isiyopita kwenye kapilari, yaani vishipa vidogo sana vya pafu, haichujwi, hivyo bonge la damu au bakteria huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi au jipu. Kwa hiyo, hata baada ya tiba, mweleze daktari wa meno mapema, kwani antibayotiki huhitajika kabla ya kung'oa jino, na wauguzi wahakikishe hakuna hewa katika mpira wa dripu. Picha za ufuatiliaji nazo usizipuuze, maana mshipa uliozibwa huweza kufunguka tena, na miungano midogo iliyoachwa bila kuzibwa huweza kupanuka kadiri mtoto anavyokua. Ikiwa mtoto pia hutokwa na damu puani mara kwa mara, jambo ambalo wengi wetu hulidharau kuwa ni joto tu, omba familia nzima ichunguzwe, kwa kuwa huenda chanzo ni ugonjwa wa kurithi.