Chagua Mwanga, Salimia, Ndipo Uinue Kamera

Swali la wiki hii lilikuwa: mpiga picha za watu barabarani hukomaaje, na kipi hutangulia, kamera nzuri au jicho? Kwa maoni yangu, hukomaa pale anapoanza kuchagua mahali kabla ya kuchagua mtu. Wanaoanza hufanya kinyume. Wanaona uso wa kuvutia Tom Mboya Street, Nairobi, saa saba mchana, wanaukimbilia, halafu wanashangaa kukuta macho yamezama gizani.

Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Adhuhuri jua husimama karibu na utosi mwaka mzima, na Machi na Septemba huwa utosini hasa. Paji la uso hung'aa kupita kiasi, pua hutupa kivuli mdomoni, mboni hazionekani. Kwa hivyo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, usimpige mtu akiwa juani. Mtafutie kivuli kinachopakana na barabara yenye jua: kibaraza cha duka la zamani River Road, mlango wa fundi cherehani, ubavu wa kibanda. Asimame kama nusu mita ndani ya ukingo wa kivuli, akitazama nje. Lami na ukuta wa ng'ambo vitamrudishia mwanga laini unaofika hadi ndani ya macho. Akirudi nyuma mita tatu, mwanga hufifia, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hupanda na picha hujaa chengachenga. Julai kazi huwa nyepesi, maana mawingu ya msimu wa baridi hulainisha mwanga karibu kutwa nzima.

Ukishapata kivuli, kagua rangi za vitu vilivyo karibu. Mwavuli wa kijani wa wakala wa M-Pesa ukipigwa na jua hutia shavu moja ukijani, shavu la pili libaki na rangi yake. Hilo halirekebishiki kwa kubadilisha mizani ya rangi ya kamera (white balance): ukiondoa ukijani upande mmoja, upande wa pili unageuka waridi. Mwombe asogee hatua mbili. Turubai za buluu za soko la Gikomba zina shida hiyohiyo.

Ngozi nyeusi inataka uangalifu wake, na hapa ndipo picha nyingi nzuri huharibika. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mtu akisimama mbele ya ukuta mweupe, uso wake hutoka giza. Akisimama mbele ya mlango mweusi na uso ukajaza fremu, kamera huongeza mwanga na ngozi hupauka kama iliyopakwa majivu. Pima mwanga shavuni pekee, kisha punguza kati ya theluthi mbili za stopu na stopu moja (kupunguza stopu moja ni kukata mwanga nusu). Mgeuze kidogo ili mwanga umjie kutoka upande mmoja, kwa kuwa umbo la uso mweusi huonekana kwenye mng'ao wa shavu, paji na mgongo wa pua. Mwanga wa mbele moja kwa moja huufuta mng'ao huo.

Lenzi moja inatosha kwa mwaka wa kwanza, nayo ni ya milimita 50. Kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), ukiwa mita moja kutoka kwa mtu na tundu la lenzi limefunguliwa sana, f/1.8, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 4 tu: jicho la karibu linatoka safi, la pili lina ukungu. Rudi hadi mita moja na nusu, tumia tundu dogo zaidi la f/4, upate karibu sentimita 20. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, kwa sababu watu huzungumza na kutikisa kichwa. Mwenye simu asisogee karibu sana. Lenzi yake pana huvimbisha pua. Arudi nyuma, atumie ukuzaji wa mara mbili, na azime urembeshaji wa uso, ambao mara nyingi huing'arisha ngozi bila ruhusa.

Sasa salamu. Kamera ikae chini, ionekane, isifichwe. “Mama, habari ya kazi? Naomba nikupige picha hapo ulipokaa, mwanga ni mzuri.” Sema sababu yako kwa ufupi. Akikataa, shukuru uondoke. Kubembeleza huharibu mtaa mzima kwa atakayekuja baada yako. Sipendi mbinu ya kununua kitu kwanza ndipo uombe picha, kwani humfanya mtu ajione ana deni.

Akikubali, fremu ya kwanza karibu kila mara itakuwa sura ya kitambulisho: kidevu juu, mabega magumu. Ipige hata hivyo. Shusha kamera, muulize jambo linalohusu mikono yake, mathalani fundi viatu umuulize uzi gani haukatiki, kisha upige ya pili na ya tatu anapokaribia kumaliza jibu. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alipiga negativu moja tu kwa kila mteja, kwa sababu ya gharama. Mkao, nguo na mwanga vilipangwa kwanza. Nidhamu hiyo inafaa hata leo ambapo kadi inabeba maelfu ya picha.

Kwa mtoto, zungumza na mzazi au mlezi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini yao. Mkanda wa kamera uzungushe kwenye kifundo cha mkono, hasa kando ya bodaboda. Tripodi iache nyumbani, huwavuta kanjo (askari wa jiji) na walinzi.

Na umpelekee mtu picha yake, ya inchi 4 kwa 6, kabla wiki haijaisha. Andika jina na mahali pa kibanda siku hiyohiyo. Kabla ya kuosha picha, yaani kuichapisha, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, kwani karatasi haitoi mwanga na picha hutoka nyeusi kuliko ulivyoiona. Mwambie mhudumu wa studio azime marekebisho ya mashine, la sivyo itaupausha uso mweusi hadi uwe kijivu, na uombe nakala moja ya majaribio kabla ya kuosha zote.