Umesoma notisi mara tatu na hukumbuki kitu? Soma hapa

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma. Miezi mitatu imebaki, madesa yote umeyapitia mara tatu, kila mstari wa maana umeupaka rangi, halafu kwenye mtihani wa majaribio kichwa kikawa cheupe. Unauliza uongeze saa ngapi za kupiga msuli. Mimi saa zako nisingezigusa. Nimefundisha na kusahihisha masomo ya sayansi kwa muda mrefu, na wa aina yako nawaona kila msimu. Bidii mnayo tele, ila mnadurusu kitabu kikiwa wazi.

Ukurasa ukiupitia mara ya tatu unakuwa umeuzoea, na mtu akishauzoea anadhani anaujua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi matini mafupi. Kundi moja liliyasoma tena na tena. Jingine liliyasoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Waliopimwa baada ya wiki moja, kibao kiligeuka: 40 kwa 61. Kwa hiyo anayerudia kusoma hajidanganyi bure, kwa usiku ule kweli anakumbuka zaidi. Shida ni kwamba mtihani hauji usiku ule. Na hizo kalamu za rangi usizitegemee: John Dunlosky na wenzake walipopitia mbinu kumi za kujisomea mwaka 2013, kupaka rangi na kurudia kusoma waliziweka kundi la chini, kujipima na kutawanya marudio (kurudia mada kwa vipindi vilivyoachana) wakaziweka juu.

Sasa fanya hivi. Soma mada mara moja kwa makini, funga kila kitu, chukua karatasi tupu. Andika yote yanayokujia: kanuni, mchoro, hatua za uthibitisho, masharti ya kila fomula. Dakika za mwanzo zinaudhi, utajiona mbumbumbu. Vumilia, usichungulie. Ukikauka kabisa ndipo ufungue, na ujaze yaliyokosekana kwa kalamu ya rangi nyingine (hapa ndipo rangi ina kazi). Yaliyojazwa kwa rangi hiyo ndiyo ya kusoma leo, mengine yaache. Iandike tarehe karatasi hiyo, na baada ya siku mbili urudie mada ileile kwenye karatasi mpya kabla hujaitazama ya zamani. Kisha wiki moja, kisha wiki tatu. Namba hizo si msahafu, ila marudio ya kwanza yasichelewe: Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alikuta usahaulifu uko mkali mwanzoni, kisha unapungua kasi.

Kadi za maswali ni nzuri kwa vitu vidogovidogo kama istilahi, tarehe na fomula. Insha na uthibitisho mrefu haziwezi.

Mitihani ya miaka iliyopita ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko yote. Wengine wanaitunza hadi wiki ya mwisho. Wengine wanasoma swali huku mwongozo wa kusahihisha uko pembeni, wanatikisa kichwa, wanaendelea. Chukua swali hili la fizikia: mpira umerushwa wima kwenda juu, taja mchapuko wake (yaani kasi yake inavyobadilika kila sekunde) ukiwa kileleni. Wengi wanaandika sifuri. Wakiona jibu ni 9.8 m/s² kuelekea chini wanasema "aa, nilijua." Namba waliijua, sawa. Tofauti ya kasi na mchapuko hawakuijua, na swali lilipima hiyo.

Ndiyo maana kila ninayemfundisha namlazimisha awe na daftari la makosa. Kunakili jibu sahihi mle ndani ni marufuku. Unaandika kwa nini ulikosa, kwa maneno yako: "Niliandika sifuri kwa sababu niliona mpira umesimama. Kilichokuwa sifuri ni kasi. Uzito bado unauvuta. Mchapuko ungekuwa sifuri, mpira ungebaki palepale angani." Aliyeandika hivyo sijamwona akirudia kosa hilo. Daftari likishanenepa kidogo, lisome lote kwa mkupuo, utakuta una ugonjwa wako. Kuna mtu maarifa anayo ila anavuja alama kwenye vizio (kama mita na sekunde) na alama za kutoa. Kuna asiyesoma kitenzi cha swali: kaambiwa alinganishe, kaandika aya moja ya hiki na aya moja ya kile. Huko si kulinganisha, ni kueleza vitu viwili. Na sisi wasahihishaji hatuwezi kukupa alama ya kilichokuwa kichwani mwako.

Maswali yachanganye pia. Ukifanya maswali kumi mfululizo chini ya kichwa "integresheni kwa sehemu" (njia mojawapo ya kukokotoa integresheni kwenye hesabu), kazi ngumu, yaani kuchagua njia, kichwa hicho kimeshakufanyia. Kwenye mtihani hakuna wa kukuchagulia.

Mwezi wa mwisho ndio wa kufanya pepa nzima kwa saa. Gawa dakika kwa alama: pepa ya dakika 180 na alama 100 inakupa dakika 1.8 kwa alama, hivyo swali la alama 15 ni dakika 27. Zikiisha, hama. Alama za mwanzo za swali jipya kwa kawaida ni rahisi kuliko alama mbili za mwisho za swali lililokugomea. Ukimaliza, jisahihishe bila huruma.

Kukesha achana nako, kumbukumbu zinaimarika ukiwa usingizini. Simu iwe chumba kingine. Kikundi ni kizuri kama kila mtu anaeleza mada bila kushika notisi, vinginevyo mnapiga soga tu.

Leo usiku usifungue desa lolote. Toa karatasi yako ya mtihani wa majaribio, anza na swali lililokupa alama chache kuliko yote, na uandike kwenye daftari kwa nini. Ukishindwa kuijua sababu, weka swali lenyewe hapa na ulichojibu, tuliangalie pamoja.