Wavue viambishi kwanza, kamusi baadaye

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa Gredi ya 6 wanaijua alfabeti vizuri na bado hawapati maneno kwenye kamusi. Shida haiko kwenye alfabeti. Kamusi ya Kiswahili haiweki neno kama lilivyo kwenye sentensi. "Hawakunipikia" hulipati kwenye H, liko kwenye "pika". Basi kabla kitabu hakijafunguliwa, neno liandikwe ubaoni, walivue viambishi mpaka libaki shina.

Nomino nazo zitafutwe kwa umoja. Hapa Mombasa niliwapa "kuta za Fort Jesus". Mtoto mmoja akaenda K, akakuta "kuta" kitenzi, akaniandikia kwamba ngome inakutana na watu. Kamusi haikukosea, yeye alihitaji "ukuta". Tangu siku hiyo nawafunza kusoma vifupisho mapema, nm kwa nomino, kt kwa kitenzi.

Lakini somo ninalolipenda zaidi ni la "paa". Kuna paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, na kupaa samaki magamba, ambako watoto wa huku wanakujua jikoni kabla hawajaanza shule. Wape sentensi nne, kila mmoja achague maana inayofaa na aeleze kwa nini. Hapo ndipo wanapoacha kunakili maana ya kwanza tu.

Mashindano ya nani kapata kwanza yaache kabisa, tafadhali. Wanashinda wenye vidole vyepesi, na wale wa polepole wanaichukia kamusi.