Ukitaka German Shepherd hapa Mwanza, kamwone mama yake kwanza

Mkuu, umeuliza kama utoe laki nne kwa mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd "pyua", yaani wa ukoo usiochanganywa, alinde nyumba yako ya Buswelu, au uchukue chotara wa bure kwa jirani. Na ukasema ukipata jike utampandisha ili hela irudi. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka 2016 nilinunua dume kwa mtu mmoja Igoma. Alinionyesha picha za baba kwenye simu na karatasi yenye mhuri. Mama sikumwona, niliambiwa yuko shamba Usagara. Mtoto alikuwa na wiki tano tu na tumbo limevimba kama ngoma. Nikadhani ni shibe, kumbe minyoo. Nikamwita Bosi.

Nilimlisha kama wengi wetu huku tunavyolisha: ugali wa dona na mapanki, yaani mifupa ya samaki iliyobaki minofu ikishatolewa, ya kuchemsha. Akanenepa na kurefuka haraka mpaka wapita njia wakawa wanasimama kumtazama. Miezi minane ilipofika akaanza kukimbia kwa kurukaruka kama sungura, miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja. Asubuhi kunyanyuka ikawa kazi. Kwetu Isamilo unapanda mawe mpaka mlangoni, na Bosi akawa anabaki chini, ananililia.

Daktari wa mifugo akampiga picha ya eksirei, akaniambia: "Kaka, hajavunjika popote. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe cha nyonga. Hii inatembea kwenye ukoo, halafu unene na kukua haraka vinaizidisha." Akaniuliza anakula nini. Nilipotaja mapanki akatikisa kichwa: mtoto wa mbwa wa aina kubwa akizidishiwa kalsiamu, mifupa yake inaweza kukua vibaya, na mapanki ni mifupa karibu mitupu. Hilo kosa ni langu na bado linaniuma. Lakini niliporudi Igoma, kijana wa bandani alinieleza kwamba baba na mama wa Bosi walikuwa wa tumbo moja. Kwa hiyo ile karatasi haikudanganya. Alikuwa pyua kweli, ila haikuandika kwamba alizaliwa na kaka na dada.

Alipofika miaka mitano hakuweza tena kusimama, nikakubali daktari ampumzishe milele.

Ndiyo maana neno "pyua" peke yake halinishtui tena. Hata hao German Shepherd walitokana na mbwa wa wachungaji wa sehemu mbalimbali za Ujerumani. Mwaka 1899 Max von Stephanitz alimnunua dume akampa jina Horand, akaanzisha klabu na kitabu cha ukoo. Alichokitafuta ni mbwa mwenye akili na anayeweza kazi. Mpaka leo klabu ya kwao inataka nyonga zipigwe picha kabla mbwa hajaruhusiwa kuzalisha. Hiyo ndiyo thamani ya ukoo: kuna mtu amekagua wazazi. Huku kwetu wengi tunauziwa jina bila ukaguzi.

Sasa nina Tola, jike chotara. Mama yake ni wa kienyeji, alikuwa anazunguka mwaloni Kirumba, na baba alikuwa na damu ya German Shepherd. Analinda vizuri na mawe ya Isamilo anayapanda bila shida. Ila usiseme chotara haugui. Kaka yake wa tumbo moja alichukuliwa na rafiki yangu, hakuchanjwa, na pavo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ikamuua akiwa na wiki kumi. Kwa siku tatu alitapika na kuharisha damu. Virusi haviulizi ukoo.

Kuhusu kupandisha, nakuomba sana usianze na hesabu ya faida. Jike asipandishwe joto la kwanza, yaani mara ya kwanza anapotaka dume, mwache akomae, hasa hawa wa aina kubwa. Mimba ni kama siku 63. Wakizaliwa wanane, hao ni midomo minane: dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, chanjo ya pavo kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka ya 16, ya kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu. Na wasiondoke kwa mama kabla ya wiki nane, maana hapo ndipo wanapojifunza kuzuia meno yao. Wasionunuliwa utawapeleka wapi? Nimewakuta watoto wa "pyua" dampo, wamejaa kupe. Ili kichaa kikatike inatakiwa asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa, na kila anayetupwa anatuvuta chini ya hapo. Kama huna jibu la swali hilo, mfungishe uzazi jike wako.

Kwa huyo mtoto wa laki nne, kabla ya kutoa hela, omba kumwona mama. Mwache alale, kisha mwangalie anavyonyanyuka na anavyotembea. Mama mkali wa hofu, anayetetemeka kila akisikia mtu, nisingechukua mtoto wake hata bure. Uliza baba ametoka wapi na kama ni ndugu wa mama. Uliza tarehe za chanjo. Akikuambia mama yuko shamba, mwambie utalipia bodaboda mwende wote.