Kwa wanaoanza kuandika wasifu wa wanasoka wa zamani: tujifunze kwa Iuliu Bodola

Ndugu zangu mnaoingia katika kazi ya kuandika wasifu wa wanasoka wa zamani, najua wengi wenu huanza na mabao, kwa kuwa ndiyo yanayopatikana upesi na ndiyo wasomaji wanayoyauliza kwanza. Kwa uzoefu wangu, ni afadhali kuanza na ramani na kalenda: mchezaji alikuwa mji gani, mwaka gani, na mji huo wakati ule ulikuwa chini ya nchi gani. Sijaona maisha yanayolidhihirisha jambo hili kuliko ya Iuliu Bodola, mshambuliaji wa Romania aliyetamba katika miaka ya 1930 na 1940.

Bodola alizaliwa Februari 1912 mjini Brașov, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria na ukawa wa Romania baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina lake lilivuma akiwa na Club Atletic Oradea, kisha mwaka 1937 akahamia Venus ya Bucharest, ambayo alitwaa nayo ubingwa wa ligi mwaka 1939 na 1940. Tarehe 30 Agosti 1940, Ujerumani na Italia ziliamua huko Vienna kwamba sehemu ya kaskazini ya Transylvania, eneo lililokuwa la Romania wakati huo, irudishwe Hungaria. Kwa uamuzi huo mji wa Oradea, uliokuwa katika sehemu hiyo, ukaitwa Nagyvárad, klabu ile ile ikaingia ligi ya Hungaria kwa jina la Nagyváradi AC, na Bodola, aliyekuwa wa jamii ya Wahungaria, akarejea huko na kuandikwa Bodola Gyula, jina la ukoo likitangulia kama ilivyo desturi yao. Mwaka 1944 klabu hiyo ikawa bingwa wa Hungaria. Baada ya vita mji ulirudi Romania, na mwaka 1949 klabu, iliyokuwa sasa inaitwa ICO, ikatwaa ubingwa wa Romania. Bodola hakuwapo tena. Alikuwa ameshahamia Budapest, alikochezea MTK, na mji huo ndio aliofia mwaka 1993.

Nimewahi kusahihisha rasimu iliyomfanya Iuliu na Gyula kuwa watu wawili, na nyingine iliyodai kwamba klabu ya Oradea ilivunjwa mwaka 1940. Makosa yote mawili yangeonekana mapema kama mwandishi angechora jedwali dogo kabla ya kuandika sentensi hata moja, lenye safu za mwaka, mji kwa majina yake yote, nchi, klabu, ligi, na jina la mchezaji kama lilivyochapishwa mwaka huo. Mstari wa 1940 katika jedwali la Bodola lazima ugawanywe mara mbili, kabla ya Agosti na baada yake, na hapo ndipo kila kitu kinapoanza kueleweka.

Sasa mabao. Kwa Romania alicheza mechi 48 na kufunga 30, rekodi iliyodumu hadi Gheorghe Hagi alipoivuka katika miaka ya 1990, tena Hagi akiwa amecheza mechi nyingi zaidi. Kwa Hungaria alicheza mechi 13 na kufunga 4. Tafadhali msijumlishe mkapata 34 na kuiita hesabu ya mabao ya kimataifa bila maelezo. Ziandikwe mbalimbali, kila moja na miaka yake. Kuhusu nafasi yake uwanjani, najua wasomaji wetu hupenda kuambiwa fulani alikuwa namba tisa au namba kumi, lakini alipokuwa katika kikosi cha Kombe la Dunia mwaka 1934 na 1938, wachezaji wa mashindano hayo hawakuwa na namba za kudumu, na timu nyingi zilipanga washambuliaji watano mbele. Semeni tu kwamba alicheza upande wa kushoto wa safu ya mbele.

Mkimaliza na Bodola mtakutana na kizazi kilichofuata, nacho kina mitego yake. Ladislau Bonyhádi alifunga mabao 49 katika msimu wa 1947–48 akiwa na ITA Arad, klabu ambayo baadaye iliitwa Flamura Roșie na kisha UTA. Ukiitafuta UTA katika magazeti ya mwaka 1948 hutaiona. Titus Ozon wa Dinamo București alikuwa mfungaji bora mwaka 1952 na tena 1953, na miaka hiyo huandikwa hivyo, bila kistari, kwa sababu Romania ilikuwa imefuata kalenda ya Kisovieti ya kuanza ligi majira ya kuchipua na kuimaliza vuli. Anayeandika 1952–53 kwa mazoea atakuwa ameunganisha misimu miwili tofauti.