Kazi ya tabianchi hekaluni ianzie jikoni

Vijana wa Kihindu hapa Mombasa huniuliza waanzie wapi wakitaka kujitolea kwa ajili ya tabianchi. Wengi huja na mpango tayari: miti Jumamosi, fulana za rangi moja, picha. Huwaambia miti isubiri kwanza, waende jikoni.

Sikukuu moja tu, jikoni mwa hekalu hutoka wali, dengu, mboga na puri za kulisha mamia. Kinachobaki, pamoja na sahani za kutupa, huishia jaani. Chakula kinachoozea chini ya rundo la taka bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi. Kwa hiyo pakueni kidogo, anayetaka arudie, na mabaki ya mboga yawe mboji. Sisi tulifanya hivyo, tukarudi pia kwenye thali, yaani sahani za chuma za kuoshwa.

Lakini mkileta hoja ya thali kwenye kikao, hakuna atakayewauliza habari za tabianchi. Mtaulizwa nani ataosha. Basi nendeni kikaoni mkiwa na orodha ya zamu, majina yameshaandikwa, na wavulana wamo. Kabla ya hapo, kaeni na akina ba, wale bibi zetu wanaotawala jiko. Msiwahubirie. Mmoja aliniambia huku akikanda unga, “Mwanangu, sisi tulikula kwenye majani ya mgomba, hizo sahani zenu mmezileta nyinyi.” Tangu siku hiyo akawa mtetezi wetu mkubwa kuliko kijana yeyote.

Maandiko nayo yatumieni kwa uzito wake. Atharva Veda inasema ardhi ni mama, nami ni mtoto wake. Gita, sura ya 3, inafundisha kwamba viumbe hutokana na chakula, chakula hutokana na mvua, na mvua hutokana na yajna, yaani sadaka. Someni aya hiyo mbele ya wazee walioona mvua zikikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, muone kama kuna atakayesema mazingira ni mambo ya wazungu.

Ganesh Chaturthi, sikukuu ya mungu Ganesh ambayo sanamu yake huzamishwa majini mwishoni, inahitaji maandalizi ya mapema. Sanamu ya plasta ya Paris haiyeyuki baharini inavyopaswa, na rangi zake huweza kuwa na metali za sumu. India yenyewe, kupitia bodi yake kuu ya kudhibiti uchafuzi, ilitoa mwongozo wa kuikataa plasta mwaka 2020. Tafuteni udongo wa mfinyanzi usiochomwa, watoto waufinyange wenyewe, wapake manjano ya jikoni. Sanamu ndogo huyeyukia kwenye ndoo, na maji yake yakamwagiwa mti wa uani. Mkisubiri hadi wiki ya sikukuu, duka litakuwa na plasta tupu. Maua ya puja, yaani ibada, yasifuate sanamu majini; yatoeni nyuzi, yaingie kwenye mboji.

Sasa miti. Pwani yetu ni ya mikoko, na matope yake huhifadhi kaboni nyingi mno. Ila mikoko haipandwi popote. Kila aina ina mahali pake: mlilana hukaa upande wa bahari, aina iitwayo mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu zaidi huku juu, upande wa nchi kavu. Nimeona miche ya mkoko ikichomekwa mahali wazi penye mawimbi kwa sababu tu hapo picha inatoka vizuri, na haikudumu. Wavuvi wa eneo hilo ndio wanaojua, na ratiba yenu ifuate bamvua na maji kupwa, hata kama siku hiyo ni Jumatano. Nendeni Gazi, Kwale, mkaone Mikoko Pamoja: tangu 2013 wanakijiji wanauza hewa ya kaboni, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na fedha zinaingia kwenye maji na shule.

Na pesa mliyotenga kwa fulana, wapeni vijana wa ufukweni watakaoilinda miche hiyo mwaka mzima, waondoe mwani na plastiki zinazoikaba, na kupanda tena palipokufa. Hili nalisisitiza kuliko yote, maana wafadhili wetu hupenda kulipia siku ya kupanda, na ni wachache mno wanaolipia mwezi wa nane baada ya kupanda.